Kombe Lililogoma Kutoka: Gemu za Kilimo na Malengo ya Shamba Lako

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na kijana mmoja wa kata yangu anayelima nyanya. Kantangaze alikuwa ameingia shambani, majani yamekauka kama yamepitiwa na moto. Nilikwenda na pikipiki, tukakagua tuta kwa tuta, tukakubaliana kubadilisha dawa na siku za kupiga, tukang'oa miche iliyokwisha kufa tukaifukia. Saa saba jua likawa kali. Akaniambia, "Bwana shamba, twende nyumbani kwanza ukapate maji ya kunywa."

Ndani tukamkuta mdogo wake ameshika pedi ya PlayStation, kwenye tv kombaini inavuna ngano. Ilikuwa Farming Simulator 22.

"Hilo shamba ni la kwangu," kijana akaniambia huku akicheka. "Huku kwenye nyanya nina ekari moja na nusu, huko nina mahekta. Na huko kantangaze hayupo."

Tukacheka. Halafu akachukua pedi, akafungua orodha ya makombe yake anionyeshe. Karibu yote alikuwa ameshayapata. Limebaki moja tu, na bila hilo lile kubwa la platinamu halitoki. Nikamuuliza, kwani hilo lililobaki ni gumu? Akatikisa kichwa. "Si gumu. Nimeshafanya kila kitu kinachotakiwa, hata nimezidisha. Ila haisomi. Jamaa wanasema mpaka nianze shamba jipya kutoka sifuri."

Usiku wa miezi miwili, yaani kila siku baada ya kumwagilia, umepotea hivyo. Nilimcheka kidogo, nikanywa maji, nikaondoka. Lakini njiani kwenye pikipiki lile neno lake likanirudia: nimefanya kila kitu, ila haisomi. Mimi niliwahi kuambiwa maneno kama hayo na mkulima wa kweli, kuhusu shindano la kweli, na aliyetengeneza hilo shindano nilikuwa mimi.

Kwa hiyo makala ya leo inaanzia kwenye gemu na kuishia shambani. Najua wengi wenu mnacheza. Na kama huchezi, soma tu, utaona inakuhusu.

Kombe la gemu ni kitu gani

Kwa wasiojua, nieleze kwa kifupi. Mwaka 2005 Xbox 360 ilipoingia sokoni ilikuja na utaratibu wa kumpa mchezaji alama kila anapotimiza jambo fulani ndani ya gemu. Mwaka 2008 Sony nao wakaleta makombe kwenye PlayStation 3: shaba, fedha, dhahabu, na juu kabisa platinamu. Platinamu huichezei moja kwa moja. Inakuja yenyewe ukishamaliza mengine yote ya gemu hiyo. Maana yake kombe moja tu likigoma, platinamu nayo imegoma.

Kombe halikuongezei pesa ndani ya gemu, halikupi trekta. Ni alama tu kwenye jina lako kwamba kazi hii umeifanya. Lakini watu wanalitafuta mpaka usiku wa manane, kwa sababu binadamu anapenda jasho lake lionekane. Hilo si la kulidharau. Hata mkulima anayepeleka malenge yake makubwa kwenye maonyesho ya Nane Nane anatafuta kitu kile kile.

Farming Simulator inatengenezwa na kampuni ya GIANTS Software ya Uswisi. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2008 kwa ajili ya kompyuta, na mwaka 2013 ikaanza kuchezwa kwenye PlayStation na Xbox. Ndani yake unalima, unapanda, unaweka mbolea, unavuna, unakopa benki, unaajiri kibarua, unasubiri bei ipande ndipo uuze. Toleo la 22 lililotoka Novemba 2021 likaleta na misimu ya mwaka. Kwa kifupi, ni gemu inayoiga kazi yetu. Ndiyo maana makosa ya makombe ya gemu za aina hii yananigusa kuliko yale ya gemu za kupigana. Mtu anapoamua ni kitu gani cha kumtuza mkulima, hata mkulima wa kwenye tv, ameshasema anadhani kilimo ni nini.

Nimeyapanga makosa hayo katika mafungu matano.

1. Hesabu iliyokatika

Hili ndilo la kijana wetu. Gemu ina daftari lake la ndani. Kila tukio linapotokea, daftari linaandika: umevuna, umeuza, umefuga. Ikifika idadi iliyowekwa, kombe linatoka. Tatizo ni pale tukio linapopitia mlango ambao mwandishi wa programu hakuufikiria. Labda kazi imefanywa na kibarua wa gemu badala yako. Labda mlikuwa mnacheza kwenye shamba la rafiki kwa mtandao. Labda gemu ilizimika kabla ya kuhifadhi. Kazi imefanyika, ngano iko ghalani, lakini daftari halina habari.

Wanaotengeneza programu huita hitilafu hizi "wadudu". Mimi kama bwana shamba nimelipenda jina hilo. Na kama ilivyo kwa wadudu wetu, dawa huja wakati mwingine, yaani kampuni inatoa marekebisho na kombe linatoka lenyewe au baada ya kurudia jambo moja dogo. Wakati mwingine haiji, au inakuja wakati mtu ameshakata tamaa na kuuza mashine.

2. Kazi ndefu isiyo na maana

Yapo makombe yasiyotaka ujuzi. Yanataka muda wako tu: kaa saa kadhaa, tembea kilomita kadhaa, rudia jambo lile lile mara mia. Mfano mkubwa kuliko yote ulitengenezwa kama dhihaka. Mwaka 1995 wanamazingaombwe wawili wa Marekani, Penn na Teller, walikuwa na gemu ya Sega CD ambayo haikufika sokoni. Ndani yake kulikuwa na mchezo unaoitwa Desert Bus. Unaendesha basi tupu kutoka Tucson kwenda Las Vegas, jangwani, saa 8 kamili za saa ya ukutani. Hakuna abiria, hakuna gari lingine barabarani. Basi linavuta kidogo kulia, kwa hiyo huwezi kufunga pedi kwa kamba ukaenda kulala. Ukifika unapewa pointi 1. Halafu unaulizwa kama unataka kurudi.

Wao walikuwa wanatania. Lakini wapo waliotengeneza makombe ya namna hiyo bila utani.

3. Tuzo isiyohusu kazi yenyewe

Farming Simulator 17 ina ramani inaitwa Goldcrest Valley. Humo wamefichwa vipande 100 vya dhahabu, nyuma ya mapipa, juu ya mapaa, kandokando ya mito. Kuvipata vyote ni kazi, lakini kazi hiyo haina mbegu, haina mbolea, haina mavuno. Unaacha trekta shambani unazunguka kuokota dhahabu.

Stardew Valley ina mfano mkali zaidi. Hii ni gemu ya kilimo iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka mwaka 2016. Unarithi shamba la babu, unalisafisha, unalima, unafuga, unazoeana na wanakijiji. Gemu tamu sana. Lakini ndani ya baa ya kijiji kuna mashine ya mchezo wa risasi, na mojawapo ya tuzo inakutaka uumalize mchezo huo wote bila kufa hata mara moja. Mtu anaweza kuwa amelima miaka kumi ndani ya Stardew, ana mizabibu na jibini, ana kila kitu, na bado orodha yake ina tundu kwa sababu hajui kupiga risasi.

4. Tuzo inayofungwa bila kukuambia

Ni Stardew hiyo hiyo. Mwanzoni unakutana na njia mbili. Unaweza kulijenga upya jumba la kijiji kwa kuleta mazao ya kila msimu, kidogo kidogo. Au unaweza kulipa 5,000 za pesa ya gemu, ukawa mwanachama wa duka kubwa la kampuni ya Joja, na jumba likageuzwa ghala. Kila njia ina tuzo yake. Ukishashika moja, ya pili imefungwa katika shamba hilo. Mchezaji mgeni analipa uanachama akidhani amepata kadi ya duka, kumbe amefunga mlango. Akitaka tuzo ya upande wa pili, aanze shamba jipya.

Mimi sipingi uamuzi wenye gharama. Kilimo chote ni uamuzi wenye gharama. Ninachopinga ni mtu kuamua bila kujua kwamba anaamua.

5. Tuzo iliyo mikononi mwa mwingine

Gran Turismo Sport ni gemu ya kuiga mbio za magari, ilitoka PlayStation 4 mwaka 2017. Sehemu kubwa ya gemu hiyo ilikuwa kushindana na watu wengine kwa mtandao, na baadhi ya makombe yake yalihitaji mbio hizo. Tarehe 31 Januari 2024 seva zake zikazimwa. Aliyekuwa hajamaliza siku hiyo hatamaliza tena. Diski anayo, mashine anayo, mikono anayo, lakini uwanja umefungwa na mwenye uwanja.

Sasa nije kwangu

Misimu mitatu iliyopita niliandaa shindano la vijana wanaolima mahindi katika kata yetu. Nilikuwa na nia njema kabisa. Muuza pembejeo mmoja alijitolea pampu ya maji ya petroli kama zawadi. Nikaweka sharti moja rahisi ili nisichoke: kila mshiriki atapima kipande cha robo ekari, mwezi wa sita nitapita na mizani, mwenye kilo nyingi kwenye hiyo robo ndiye mshindi. Wakajiandikisha vijana kumi na wanne.

Kijana mmoja alikuwa na ekari mbili na nusu. Mahindi yake yalihitaji si chini ya mifuko miwili na nusu ya mbolea ya kukuzia, kwa kiwango cha mfuko wa kilo 50 kwa ekari tunachopendekeza. Hela ilimruhusu mfuko mmoja tu, tena wa mkopo. Akaumwaga nusu nzima kwenye robo ekari ya shindano. Nusu iliyobaki akainyunyizia kwenye ekari mbili na robo zilizobaki, sawa na kutia chumvi ya kidole kwenye sufuria ya msiba.

Nilipopita mwezi wa sita, robo ekari yake ilitoa gunia sita. Sijawahi kuona mahindi yamebeba hivyo hapa kwetu. Nilimpongeza, tukapiga picha, akabeba pampu. Sikuvuka mfereji kwenda kuangalia upande wa pili. Huko alipata gunia tisa kwenye ekari mbili na robo, yaani nne kwa ekari. Jumla gunia kumi na tano kwa shamba lote. Kama ule mfuko mmoja angeusambaza sawasawa, kwa makisio yangu asingekosa gunia ishirini. Mwezi wa tisa nikasikia ameuza pampu alipe deni la mbolea.

Pampu aliiuza kwa yule yule muuza pembejeo aliyeitoa.

Wa pili alikuwa dada mmoja mwenye ekari mbili. Huyu alipalilia kwa wakati, aliweka mbolea mara mbili, aliandika kila kitu kwenye daftari la shule la mwanawe. Mwezi wa nne akaja mnunuzi wa mahindi mabichi ya kuchoma, bei nzuri, hela mkononi. Akakaa chini na daftari lake, akapiga hesabu, akauza ekari nzima ikiwa mbichi, akaacha ekari moja ikauke kwa chakula na akiba. Uamuzi wa kibiashara kweli kweli. Ndivyo ninavyowafundisha kila siku: soma soko, usisubiri kwa mazoea.

Shida ni kwamba robo ekari yake ya shindano ilikuwa ndani ya ile ekari iliyouzwa. Nilipofika na mizani mwezi wa sita, pale palikuwa na mabua tu. Nikaandika sifuri.

Aliniangalia nikiandika. Akasema taratibu, bila hasira, "Bwana shamba, nimefanya yote uliyotufundisha. Kwenye karatasi yako hayapo?"

Nikamjibu kuhusu sharti, kwamba ni lazima iwe haki kwa wote, kwamba wengine watalalamika. Yalikuwa majibu ya mtu wa ofisini. Msimu uliofuata hakujiandikisha kwenye kikundi. Nikimkuta njiani tunasalimiana vizuri, lakini daftari lake hakunionyesha tena.

Pimeni wenyewe makosa yangu kwa mafungu yale matano. Hesabu ilikatika, kwa sababu mavuno mabichi hayakuwa na mahali pa kuandikwa. Tuzo haikuhusu kazi yenyewe, kwa sababu kazi yetu ni faida ya shamba zima, mimi nikatuza kipande. Mlango ulifungwa bila taarifa, kwa sababu hakuna siku niliyosema ukiuza mabichi unatoka. Na ufunguo wote ulikuwa mikononi mwangu. Yule aliyekula hasara nikampa pampu, yule aliyepata faida nikampa sifuri.

Babu wa Stardew alifanya vizuri zaidi yangu

Nisiseme gemu zote zinakosea. Ndani ya Stardew kuna kipimo kimoja nimekipenda. Mwaka wa tatu unapoanza, roho ya babu aliyekurithisha shamba inakuja kukutathmini. Inaangalia mambo mengi kwa pamoja: umepata fedha kiasi gani, ujuzi wako umefika wapi, umejenga urafiki na watu wangapi, nyumba yako ikoje, jumba la kijiji limesimama au la. Pointi zote ni 21, na ukipata 12 tu mishumaa yote minne inawaka.

Angalia uzuri wake. Kwanza, si lazima uwe bora katika kila kitu. Aliyeshindwa kuvua samaki atafidia kwa fedha au kwa watu. Pili, fedha imo lakini haiko peke yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, kama mishumaa haikuwaka yote unaweza kuendelea kufanya kazi, ukapeleka almasi kwenye kaburi la babu, akakutathmini upya. Mlango haufungwi.

Hicho ndicho kipimo cha mkulima. Msimu mmoja mbaya haufuti mkulima.

Namna ya kupanga makombe ya shamba lako

Kila mmoja wenu ana malengo, hata kama hajayaandika. "Mwaka huu nifikishe ekari kumi." "Nipate gunia thelathini kwa ekari." Hayo ndiyo makombe yenu. Yapitishe kwenye maswali haya kabla msimu haujaanza.

*Je, ninapima shamba zima?* Usijisifie mstari wa mbele unaoonekana barabarani. Chukua mavuno yote, gawanya kwa ekari zote. Halafu nenda mbele zaidi, pima faida. Mfano tu wa nyanya: mkulima wa kwanza kavuna matenga 120 akauza kwa 25,000, ni 3,000,000. Gharama 2,100,000. Kabaki na 900,000. Wa pili kavuna matenga 90, lakini alipanda akilenga wakati soko lina upungufu, kauza kwa 35,000, ni 3,150,000. Gharama 1,600,000. Kabaki na 1,550,000. Kwa kombe la matenga mshindi ni wa kwanza. Kwa maisha mshindi ni wa pili.

*Je, daftari langu linasoma kila tukio?* Andika siku hiyo hiyo. Mahindi uliyouza mabichi, mchicha ulioliwa nyumbani, debe ulilompa shangazi, kibarua uliyemlipa kwa chakula. Visipoandikwa, mwisho wa msimu utaona umepata hasara kumbe ulipata faida, au kinyume chake. Na siku ukienda kuomba mkopo, afisa mikopo ataangalia daftari, hataangalia jasho.

*Je, lengo liko mikononi mwangu?* Bei ya soko haiko mikononi mwako. Kilicho mikononi ni kupanda mvua za kwanza zikitulia, kupalilia wiki ya pili hadi ya tatu baada ya mahindi kuota, kuweka mbolea ya kukuzia mahindi yakifika magotini udongo ukiwa na unyevu, kukagua viwavijeshi mara mbili kwa wiki. Weka malengo hapo. Ukitimiza hayo na bei ikaanguka, umepata hasara lakini hujashindwa kazi. Ni vitu viwili tofauti, na kijana anayevichanganya huacha kilimo mapema.

*Je, nimesoma orodha yote kabla ya kuanza?* Mkataba wa kuuza mazao una milango inayofungwa kama ile ya Joja. Soma unyevu unaotakiwa. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mtu analima vizuri miezi sita, anaanika mahindi chini kwenye udongo siku tatu za mwisho, gari linakuja, kipimo kinakataa. Turubai la kuanikia lingemwokoa. Soma pia inakuwaje ukiuza kwa mwingine, na nani analipa usafiri mzigo ukirudishwa.

*Je, mwenye seva akizima, nabaki na nini?* Mnunuzi mmoja, zao moja, muuza mbegu mmoja: hiyo ni Gran Turismo Sport. Siku akifunga hujui kesho yako. Jitahidi uwe na angalau mnunuzi wa pili unayemjua kwa jina na namba, hata kama bei yake ni ndogo kidogo.

*Je, hii namba ina maana au ni Desert Bus?* Ekari nyingi si kombe. Nimewaona vijana wanatoka ekari mbili kwenda kumi kwa msimu mmoja ili waitwe wakulima wakubwa. Palizi inawashinda, nyasi zinawameza, wanavuna kidogo kuliko walivyovuna kwenye mbili. Ongeza ekari pale ambapo za zamani zimejilipa, na una hela ya kupalilia zile mpya mkononi kabla hujazilima.

Nilichofanya baadaye

Baada ya kutoka kwa yule kijana wa nyanya, siku ya Jumamosi nilikwenda kwa yule dada. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimwambia wazi kwamba lile shindano nililipanga vibaya, kwamba yeye ndiye aliyelima kibiashara mwaka ule, na kwamba sifuri ilikuwa ya karatasi yangu, haikuwa yake. Sikuwa na pampu ya kumpa.

Alinyamaza kidogo, akaendelea kupukuchua. Halafu akasema, "Ningejua utakuja kusema, ningelitunza lile daftari. Mtoto ameshachanachana kurasa."

Nilimwomba tutengeneze pamoja karatasi mpya ya msimu unaokuja. Akakubali kwa sharti moja, kwamba asiyejua kusoma naye aweze kuitumia. Tumekaa mara mbili mpaka sasa. Karatasi ina mambo sita: faida ya shamba zima kwa ekari, kumbukumbu zilizoandikwa, palizi kwa wakati, mbolea kwa kiwango, ubora wa uanikaji, na chakula cha nyumbani kilichobaki ghalani. Mauzo yoyote yanahesabiwa, mabichi au makavu. Anayekwama katikati anaruhusiwa kupimwa tena msimu wa pili bila kuanza sifuri. Na atakayepita kukagua si mimi peke yangu, tutakuwa watatu, tutavuka kila mfereji.

Yule kijana wa nyanya nilimpigia juzi kuuliza hali ya kantangaze. Anasema majani mapya yametoka safi. Nikamuuliza na lile kombe je? Akasema hajaanza upya, mdogo wake ndiye anayecheza sasa, yeye jioni anapiga hesabu za matenga.

Kama na wewe una lengo la msimu huu, liandike hapa chini kwenye maoni, na useme utalipimaje. Nitayapitia yote, na pale ninapoona mdudu nitakwambia. Na wewe ukimwona mdudu kwenye karatasi yangu, niambie mapema, kabla sijafika na mizani.